Bulo za Asidi

Sisi wa Lubumbashi tuna ujinga wetu ambao sijausikia katika mji mwingine. Tunaamini kwamba chuma kilichoshinda asidi kimeshinda kila kitu. Viwanda vya shaba vinaosha udongo wa madini kwa asidi, na mabomba yake yanafungwa kwa bulo nyeupe zinazong'aa, zisizojua kutu. Bulo ndicho kile ambacho watu wa Dar es Salaam wanakiita bolti, na sitabadilisha jina la kitu nilichokiuza miaka ishirini ili kumfurahisha mtu. Mabomba yakibomolewa, bulo zinaingia sokoni, na anayezipata anazifunga kwenye kitambaa kama hirizi. Atafungia geti, atafungia kitanda, atafungia mkokoteni. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwa swali: asidi haikuiweza, nini itaiweza?

Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria. Nilikuwa na meza mtaa wa Kamalondo, mbele ya nyumba aliyotuachia baba, na juu ya meza makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa bulo, kila kopo na unene wake. Mwanzoni wanaume walinicheka. Mwanamke wa watu wa Maniema, mtandio kichwani, anauza vyuma! Walicheka mpaka wakachoka, halafu wakaanza kuja kununua, maana niliweza kutazama tundu kwa jicho tu nikakwambia bulo yake ni ya unene gani. Pembeni mwa meza niliweka chupa ya kioo yenye maji ya betri. Mteja akisitasita, natumbukiza bulo nyeusi ya kawaida: inachemka, inatoa povu. Natumbukiza nyeupe: kimya. Naitoa, naisuuza, naifuta, namwekea kiganjani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuondoka na ile nyeusi.

Baba alikuwa mpiga riveti katika karakana ya reli. Riveti, kwa asiyeijua, ni kama msumari mnene wenye kichwa kimoja. Unautia motoni mpaka unakuwa mwekundu, unauingiza katika tundu la vyuma viwili vilivyopandana, mmoja anaushikilia upande huu, mwingine anauponda upande ule mpaka unapata kichwa cha pili. Ukipoa unajivuta na kuvibana vile vyuma, na tundu linakuwa limejaa, hakuna pa kucheza. Alipostaafu aliendelea na kazi hiyo uani kwetu, akamfundisha mdogo wangu. Mimi hakunifundisha. "Moto haiko kazi ya binti," alisema, akanituma bukari, yaani ugali. Nilisimama mlangoni na sinia, nikautazama mgongo wa mdogo wangu umeinama juu ya makaa, nikarudi jikoni. Mungu anisamehe, baba ni marehemu, lakini jambo hilo halijanitoka.

Na mdogo wangu huyo ni mimi niliyemlea. Mama alikufa mimi nina miaka kumi na minne, yeye ananyonya bado. Nilimbeba mgongoni, nikaacha shule ili yeye aje aende shule. Sisemi hivi nipate kusifiwa. Nasema ili ueleweke mzigo uliokuwa katika neno lake moja, "Yaya", yaani dada mkubwa. Kwetu mtu habishani na yaya aliyembeba. Anaweza kuwa na ndevu, anaweza kuwa na mke na watoto watatu, yaya akisema "kaa", anakaa.

Alikuwa na kigaraji chake mtaa wa Katuba. Aliziba mabomba ya moshi, akachomelea milango iliyooza, akanyoosha bampa. Kazi za kupita. Mikono ya baba ilikuwa katika mikono yake, na mikono hiyo ilikuwa inaziba mabomba ya moshi! Ilimuuma. Kisha akaja mama mzee mmoja wa Makomeno, mjane, ambaye mumewe alimwachia motoka ya Kimarekani ya wakati wa Wabelgiji. Ilikuwa ndefu, ya rangi ya krimu, na ilikuwa imelala chini ya bati tangu mwenyewe alipokufa. Wakwe zake, ndugu wa mumewe, walitaka kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mama mzee akakataa.

"Mutoto yangu," akamwambia mdogo wangu mbele yangu, "minataka inipeleke misa mbele sijakufa. Nikae fasi nilikuwa nakaa. Kisha, mukitaka, munizike nayo."

Tulicheka. Mdogo wangu hakucheka sana. Mjini kuna motoka nyingine za namna ile zinazooza chini ya mabati, na wenyewe walikuwa wanasubiri waone hii itatoka vipi. Ikitoka vizuri, watamletea zao, na hatakuwa tena yule wa Katuba wa mabomba ya moshi. Atakuwa fundi. Aliniambia hivyo mwenyewe, ameketi kwenye ndoo mbele ya meza yangu, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa mtoto.

Aliinyanyua bodi kwa minyororo, akaiweka kando juu ya mapipa. Ikabaki shasi peke yake, mihimili miwili mirefu na vyuma vya kukingama, kama ngazi iliyolazwa chini. Nilikwenda kuiona. Alikuwa ameisugua kutu yote kwa brashi ya waya, na sasa alikuwa anapita na nyundo ndogo, anagonga riveti moja moja huku ameinamisha sikio. Riveti nzima inalia. Iliyolegea inatoa sauti ya kopo. Zilizokufa alizitia alama ya chaki, na zilikuwa nyingi, hasa mbele, pale penye mkono unaoshika springi ya gurudumu la kushoto. Zote sita za mkono ule zilikuwa zimekufa. Akazitoboa taratibu, siku mbili nzima, ili asilipanue tundu.

Baada ya hapo akaja kwangu. Mvua ilikuwa imefukuza wateja, tulikuwa wawili tu chini ya turubai. Alikuwa na riveti ya zamani mfukoni na karatasi yenye vipimo.

"Yaya, kupiga riveti ya moto miye peke yangu sitaweza, inaomba bantu babili benye banajua. Minatafuta bulo nyeusi za nusu inchi. Zile zenye banaandika kumi nukta tisa ku kichwa. Na shingo yake iwe laini, meno ianzie tu fasi nati inakaa."

Alikuwa anajua anachokitaka, wallahi. Katika shasi bulo haivutwi tu, inakatwa. Chuma kimoja kinataka kwenda huku, kingine kule, na bulo iko katikati kama kidole mlangoni. Ndiyo maana shingo yake laini, isiyo na meno, inatakiwa ijaze tundu la vyuma vyote viwili, iingie kwa kugongwa kidogo na nyundo. Meno ni mifereji. Ukiyaweka ndani ya tundu, chuma kinayatafuna, na nafasi inazaliwa. Hayo yote aliyasema yeye. Mimi nilikuwa namsikiliza huku nimeshachukia, maana bulo za inchi sikuwa nazo, na mteja kuondoka mezani kwangu mikono mitupu lilikuwa jambo ambalo sikulizoea.

Nikamimina mbele yake kopo la bulo nyeupe, za asidi, milimita kumi na mbili. "Chukua hizi. Ju ya nini unajitesa?"

Akaitia moja kwenye kipimo chake. "Inacheza, Yaya. Tundu iko nusu inchi, hii haifike. Na meno inatoka ku kichwa mpaka ku mukia."

"Utatia washa. Utakaza."

"Baba alisemaka kukaza hakujazake tundu."

Hapo ndipo nilipowaka. Angetaja jina la mtu mwingine yeyote ningemsikiliza. "Baba alikuambia weye!" nikasema. "Miye baba aliniambia nini? Aliniambia nipike! Miye nilijifundisha na hizi macho, na hizi macho njo zilikulisha mpaka ukaota ndevu!"

Nikavuta ile chupa ya maji ya betri, nikamfanyia mchezo wangu kama ninavyowafanyia wageni. Nyeusi, povu. Nyeupe, kimya. Akatazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha aliyokwisha kuiona.

"Yaya," akasema polepole, "mu balabala hamuna asidi. Muko uzito."

Eti barabarani kuna uzito! Nikakimbilia hesabu. Bulo za asidi zimeandikwa sabini kichwani. Zile alizozitaka zimeandikwa kumi nukta tisa. Nikamuuliza, kati ya sabini na kumi, ipi kubwa? Hesabu ya darasa la kwanza, wewe uliyesoma! Akasema hajui ile sabini inahesabu kitu gani, lakini si kitu kile kile. Nikamwambia kama hajui, asibishane na anayejua. Na mimi nilikuwa sijui. Miaka ishirini nazisoma namba zile, sijawahi kumuuliza mtu zina maana gani.

Mwisho nikasema neno ambalo ningalitoa jino ili nilirudishe. "Kama haunisikie, wende ukatafute yaya mwingine."

Alisimama pale, maji ya mvua yanamtiririkia begani kutoka ukingo wa turubai. Kisha akafungua mfuko akazikusanya, bulo sita na nati zake na washa, moja moja. "Sawa, Yaya. Nimesikia."

Je, nilijua? Watu wananiona mnyoofu, kwa hiyo niseme. Kipande cha moyo kilijua. Mtu hauzi bulo miaka yote hiyo akaona meno yanaingia ndani ya tundu asijue kwamba kuna kitu si sawa. Lakini kiburi kikishapanda kichwani, kushuka kwake ni kazi. Nilitaka mara moja tu, katika jambo la chuma, neno langu lipite juu ya neno la baba. Likapita.

Motoka ilitoka nzuri mno. Rangi mpya ya krimu, nikeli imesuguliwa. Mdogo wangu alipoinua boneti, zile bulo nyeupe zilionekana kule chini zikimetameta kwenye shasi nyeusi, na kila aliyeinama alisema "Eh! Bulo za asidi! Hii haitatoka tena." Mimi nilikuwa nimesimama pale na kanga yangu mpya, nikiitikia kwa kichwa kama bibi harusi. Jumapili akampeleka mama mzee misa. Wanawake wa kanisa walipiga vigelegele uwanjani, na mama mzee alikaa kiti cha mbele hakutaka kushuka. Wiki hiyo hiyo watu wawili walikwenda Katuba kumuuliza mdogo wangu kama ana nafasi.

Tatizo la furaha ni kwamba haitoshi mara moja. Mama mzee akataka kupelekwa tena, na tena. Akataka kwenda kumwamkia dada yake ng'ambo ya mji, akataka kupita tu barabarani watu wamwone. Mdogo wangu kila aliporudi alilala chini ya motoka na spana, akazikaza bulo za mkono ule. Alinipigia simu mara moja. "Yaya, zinalegea." Nikamjibu akaze zaidi. Nilikuwa napanga makopo, na simu niliishikilia kwa bega.

Ilitokea mchana, njia ya Katuba, pale barabara inapochimbika kabla ya kalavati. Gurudumu la kushoto liliingia shimoni, shimo ambalo lori linapita kila siku. Bulo mbili zikakatika, nyingine zikachomoka katika matundu ambayo yalikuwa yameshapanuka umbo la yai. Mkono wa springi ukang'oka, gurudumu likarudi nyuma, usukani ukakosa kazi. Motoka ikaenda yenyewe mtaroni. Mdogo wangu alipasuka kipaji cha uso. Mama mzee alivunjika nyonga.

Mawee, mama yangu! Nilipofika hospitali nilimkuta mdogo wangu amekaa chini korido, damu imekauka hadi kidevuni, hataki kushonwa mpaka aambiwe mama mzee yuko hai. Nilimfuta kwa mtandio wangu. Hakunitazama, na mimi nikashukuru kwamba hakunitazama.

Wakwe wa mama mzee waliita kikao, pale pale Makomeno, sebuleni. Walikuwa wamemleta fundi mwingine, mtu wa makamo aliyefanya kazi katika mitambo. Akavimwaga vipande juu ya gazeti mezani. Hakuwa mkali. Alieleza kama mwalimu. Bulo hii nyeupe, alisema, imefanyiwa kuvumilia asidi, na kuvumilia asidi si nguvu ya kubeba. Sabini hii, kwa kipimo cha nguvu ya kuvutwa, maana yake ni mia saba. Kumi ile ya bulo nyeusi maana yake ni elfu. Watu hapa mjini wanasoma sabini, wanasoma kumi, wanacheka, wanakufa. Na hata ingekuwa nyeusi, alisema, hii ni nyembamba kwa tundu lake na ina meno mpaka shingoni. Akaonyesha kwa ncha ya kalamu jinsi chuma kilivyoyatafuna meno.

"Sasa nani njo alichagua hizi?" mkwe mmoja akauliza.

Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwa mdogo wangu. Nilikuwa na ulimi, na ulimi wangu unajulikana Kamalondo nzima. Wanaume wenye masharubu wanauogopa. Nilisema moyoni, akinitazama tu, nitasema. Akigeuza kichwa tu. Hakugeuza.

"Ni miye njo nilichagua," akasema. "Nilizipata ku soko."

Na nyumba ikamgeukia. Walisema yote ambayo watu huyasema. Mwuaji, mwizi, fundi wa mabomba ya moshi. Mimi nilikuwa natazama gazeti lililo chini ya vyuma, nasoma tangazo la nyumba ya kupangisha, nalirudia tangu mwanzo. Kikao kilipokwisha tulitoka pamoja, tukatembea mpaka barabarani. Nilimngoja aseme. Angenitukana ningempigia magoti, naapa. Akaniuliza kama nimekula.

Katuba hakuna siri. Wale wawili waliokuwa wamemuulizia nafasi hawakurudi, na hata wa mabomba ya moshi wakahamia kwa jirani yake. Miezi michache, akawa anafungua geti asubuhi, anaketi, analifunga jioni. Mke wake alinipigia kuniuliza nitafanya nini kama dada mkubwa. Nikamwambia avute subira, Mungu yupo. Maneno matamu hayana bei.

Mimi nilianza kumtembelea mama mzee. Kila Ijumaa baada ya meza, nilimpelekea supu, nilimkanda miguu, nilimsuka. Hakutembea tena, alikuwa anakaa dirishani, mguu juu ya mto. Alinipenda. Aliwaambia wageni, "Muone huyu, haiko hata wa dini yetu." Na siku moja, nimeshika sega, akaniuliza bila hila yoyote, "Lakini mwanangu, weye unauzaka bulo. Juu ya nini haukumukataza ndugu yako?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema neno moja tu. Nikasema, "Nilimukataza, Mama. Hakunisikia."

Akanipigapiga mkono. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, halafu akacheka hadi machozi yakamtoka. "Kumbe na guu lenyewe ni langu!" Nami nikacheka naye. Nilimaliza kumsuka, mistari minane, iliyonyooka.

Muda si mrefu mdogo wangu aliuza mashine yake ya kuchomelea, akaenda Kolwezi, kwenye migodi, kubeba magunia ya mawe. Kwangu alipita asubuhi ya safari, akanywa chai akiwa amesimama, akaniaga vizuri kwa heshima zote, akaniachia namba ya simu ya mwenye nyumba wake wa kule.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta mama mzee amechangamka. "Ndugu yako alipita hapa kuniaga," aliniambia. "Alipiga magoti pale, palepale ulipo, akaniomba msamaha. Nikamuuliza, ni kweli yaya yako alikukataza zile bulo? Unajua alisema nini?" Nilikuwa namfunulia supu, mvuke unanipiga usoni. Nikasema, "Sijui, Mama, alisema nini?"

"Alisema ndiyo, ni kweli. Alisema, Yaya alinikataza mara tatu."

Mara tatu, alisema. Na mimi sikumkataza hata mara moja.